Neno Lililokatwa Kichwa

Kipaza alikuwa mtoa ishara wa kreni, na ukali wake ulijulikana saiti nzima hata kwa watu ambao hawakuwahi kusemeshwa naye. Jina lenyewe si la kuzaliwa. Mafundi walimpachika wiki ya kwanza, siku aliyopanda juu ya rundo la mbao akamfokea dereva aliyekuwa akirudisha lori nyuma bila kuangalia, mpaka dereva akazima injini, akashuka, akaomba radhi kwa kila aliyekuwa karibu, akiwemo mama muuza chai ambaye hakuwa hatarini hata kidogo.

Lakini kwenye redio ya upepo Kipaza hakupiga kelele hata siku moja. Akiishika ile redio, sauti yake ilishuka, ikawa kavu, ya taratibu, kama ya muuguzi anayemweleza mgonjwa vidonge vya asubuhi na vya jioni.

Jengo lilikuwa limefika ghorofa ya tano. Mwendesha kreni, mtu wa makamo waliyemwita Mwewe, alikaa juu kwenye kibanda chake cha vioo, na kutoka huko aliona mapaa ya mtaa mzima. Upande wa nyuma wa jengo tu, penye ukuta wa ngazi, ndipo hakuona kitu. Mzigo ukishapita nyuma ya ukuta ule, macho yake yalikuwa Kipaza. Akiambiwa shusha, anashusha. Akiambiwa simama, anasimama. Redio ikinyamaza ghafla, anasimama vilevile. Walifanya kazi hivyo miaka mitatu, na hakuna mzigo uliomgusa mtu.

Kila aliyekabidhiwa redio pale saiti alipitia kwanza kwa Kipaza. Betri ijae kabla ya zamu. Antena isimame, usiishike redio kama sahani. Kinywa kikae vidole vinne mbali nayo, maana ukiimeza unasikika kama mtu anayesukutua. Mwite unayemtaka, subiri aitike, ndipo useme neno lako, naye alirudie. Na kubwa kuliko yote: bonyeza kitufe, vuta pumzi, kisha sema.

"Ukibonyeza, redio inahitaji kitambo kidogo ifungue njia," aliwaambia. "Utakachosema kabla ya hapo unabaki nacho mwenyewe. Mwenzako anapata mkia tu. Ndiyo maana kwenye chaneli ya kreni hakuna 'usi'. Hakuna usishushe, hakuna usivute. Kuna simama. Simama hata ukiikata kichwa inabaki 'mama', na Mwewe akisikia mtu anaita mama lazima atasimama."

Watu walicheka, wakashika.

Asiyeshika alikuwa msimamizi mpya wa saiti. Alikuja na suruali iliyonyooshwa mpaka ikawa na makali, na alitumia redio kama mtu anavyotumia fimbo: anaanza kusema, anabonyeza katikati ya neno, anaachia kabla hajamaliza. Mlinzi wa geti alishazoea kukisia. Kipaza alipomfuata kumweleza, msimamizi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Dada, mimi nimeanza kushika redio wewe bado unanyonya."

"Basi miaka yote hiyo umeishika vibaya, bosi," Kipaza alisema, na mafundi wawili waliokuwa karibu wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi kwingine.

Baada ya hapo msimamizi alitafuta namna ya kuonyesha ukubwa wake, na akaipata kwa Mwewe. Siku moja aliingia kwenye chaneli ya kreni akaamuru mzigo upelekwe upande mwingine. Mwewe hakuugusa; alimsubiri Kipaza. Msimamizi akamwita ashuke ngazi zote zile za chuma, akamsimamisha mbele ya watu.

"Sauti yangu unaijua au huijui?"

"Naijua, bosi."

"Ukiisikia, unatekeleza. Husubiri ruhusa ya mwanamke. Tumeelewana?"

Mwewe alitazama buti zake. "Tumeelewana, bosi."

Kipaza alikwenda ofisini kwa msimamizi, kontena lenye feni ya mezani, akamwambia bila kukaa: "Yule anasikiliza sauti moja. Mkimpa mbili, ipo siku mtu ataumia."

"Ukitoka, funga mlango," msimamizi alijibu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, walikuwa wanapandisha tita la nondo ghorofa ya tano, upande wa nyuma. Mafundi nondo watatu walikuwa wanalisubiri. Mmoja wao alikuwa shemeji yake Kipaza, mdogo wa mwisho wa mumewe, aliyekaa nao nyumbani na kuwabeba pacha wao mabegani kila jioni mpaka wanalala hapo hapo. Kipaza mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Na ile kazi ilimkubali: alikuwa na vidole vyepesi, alifunga waya wa nondo haraka kuliko wenzake wawili wakijumlishwa.

Tita lilishuka hadi usawa wa kiuno. Chini palikuwa pamelazwa mbao mbili za kulipokea, na ubao mmoja ulikuwa umekaa mshazari. Shemeji akainama, akapeleka mkono kuunyoosha.

"Mwewe, simama," Kipaza alisema.

"Nimesimama."

Tita likaning'inia, likazunguka kidogo, likatulia. Kipaza alishusha redio kutoka mdomoni akampa shemeji yake sauti ile nyingine. "We! Nani kakwambia uingize mkono chini ya mzigo? Toka hapo!"

"Kidogo tu, shemeji, ubao umekaa vibaya."

"Nimesema toka!"

Wakati huo msimamizi alikuwa anatokea kwenye ngazi na wageni wawili, wawakilishi wa mwenye jengo, waliovaa kofia ngumu ambazo bado zilikuwa na stika ya dukani. Redio yake ilikuwa kiunoni, imekufa betri tangu asubuhi. Aliona tita juu na mtu chini. Huenda aliogopa kweli. Kipaza hakuwahi kulikana hilo, hata baadaye. Huenda aliogopa zaidi kwa kuwa wageni nao walikuwa wanaona. Vyovyote iwavyo, alinyoosha mkono juu ya bega la Kipaza, akainyakua redio mkononi mwake, akapiga kelele: "Usishushe!"

Kila aliyekuwa pale alimsikia. Mafundi watatu walimsikia, wageni walimsikia, Kipaza alimsikia. Na tita likashuka.

Halikuanguka. Hilo ndilo lililomkaa Kipaza moyoni. Lilishuka polepole, kwa utiifu, kama lilivyoshuka siku zote likiambiwa. Alimrukia msimamizi, akaung'ang'ania mkono wenye redio, akabonyeza kitufe juu ya kidole cha yule bwana, akaitia sauti katikati ya ngumi yake: "Simama! Simama! Simama!"

Tita lilisimama, lakini lilikuwa limeshafika. Shemeji yake hakulia papo hapo. Alimtazama Kipaza kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, kisha ndipo sauti ikamtoka.

"Mwewe," Kipaza alisema, na sauti yake ikawa kavu tena, yeye mwenyewe hakujua imetoka wapi. "Pandisha. Polepole. Pandisha. Simama hapo."

Vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Jioni ile ile msimamizi aliandika ripoti. Ilisema kwamba mtoa ishara aliamuru mzigo ushushwe ilhali kuna mtu chini, na kwamba yeye msimamizi, kwa kuona hatari, alijaribu kuzuia kwa kuamuru usishushwe, ila alikuwa amechelewa. Mashahidi: wageni wawili; mafundi nondo hakuna aliyewauliza. Wageni walitia sahihi kwa moyo mweupe kabisa, maana "usishushe" waliisikia kwa masikio yao.

Mwewe alipoulizwa, alisema alisikia sauti ya bosi ikimwambia ashushe. Wakamwangalia kama mtu anayejiokoa. Mmoja akauliza kama ana tatizo la masikio, na kwa nini hakupimwa. Yeye na Kipaza wakaambiwa wakae nyumbani mpaka mkaguzi wa usalama kazini aje.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mama mkwe alikuwa amekuja siku hiyo hiyo, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango akiwa bado na mkoba wake mapajani. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Redio ilikuwa mkononi mwa nani, mwanangu?"

"Mkononi mwangu, mama. Mpaka iliponyakuliwa."

"Mbona hukuishika?"

Kipaza aliinuka. Akaenda jikoni, akasugua sufuria iliyokuwa safi mpaka mikono ikawaka. Mumewe, fundi cherehani, mtu mpole wa kupindukia, alimfuata akasimama nyuma yake.

"Mama hana maana mbaya, mama watoto."

"Angekuwa na maana mbaya ningejua la kumjibu," Kipaza alisema, akaendelea kusugua.

Alhamisi asubuhi Kipaza na mama mkwe walikwenda wodini. Shemeji alikuwa ameketi, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Mama yake alianza kumnyooshea mto, akamzuia.

"Mama, acha kwanza. Nasikia watu wanasema shemeji ndiye aliyeshusha. Si kweli. Aliusimamisha mzigo. Aliniambia nitoke mara mbili, mimi nikajifanya najua." Akageuka kumtazama Kipaza. "Mara mbili, si ndiyo?"

"Mara mbili," Kipaza alisema. "Na ungenisikia ukawa mzima, ningekupiga kofi hapa hapa nikafurahi."

Shemeji alicheka, akaumia kwa kucheka, machozi yakamtoka, na haikujulikana ni ya kipi. Mama mkwe alitazama dirishani. Waliporudi nyumbani aliuweka ule mkoba chini.

Mchana wa siku hiyo Mwewe alikuja. Alikuwa amevaa shati la kutokea na alikaa kwenye ncha ya kochi kama mtu aliyekuja kuposa na hana uhakika wa jibu. Kipaza hakumpa hata maji.

"Kwa nini ulishusha?" alimuuliza.

"Nilisikia sauti yake."

"Mimi nilikuwa nimekwambia simama! Sijakutoa kwenye simama! Miaka mitatu, Mwewe! Mtu mwingine akikwambia simama, sawa, simama, hata akiwa muuza karanga. Lakini shusha unaipokea kwangu tu!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua!" Mwewe alipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu Kipaza amfahamu. "Unadhani silijui? Nilikuwa na kidole kwenye mtambo nikajisemea, huyu si Kipaza. Nikajisemea pia, huyu ndiye aliyenishusha ngazi zote zile mbele ya watu. Nikachagua woga. Nitaisema hivyo hivyo mbele ya mkaguzi, wakitaka waninyang'anye leseni." Akashusha pumzi. "Lakini masikio yangu ni mazima. Aliniambia nishushe."

"Alisema usishushe. Nilikuwa nimesimama chini ya kwapa lake."

"Na mimi nakwambia nilisikia 'shushe'. Neno moja. Mpaka nikashangaa, huyu bwana leo kawa na adabu."

Kipaza alikuwa anaelekea mlangoni amfungulie aondoke. Akasimama. "Umesema alisema nini?"

"Shushe. Kama mtu anayebembeleza. Ushushe, baba."

"Yule bwana tangu lini amebembeleza mtu? Akitaka kitu anasema shusha! Leta! Toka!" Alikuwa ameshika kitasa, akakiachia. "Shushe na 'e' mwishoni. Mwewe, hiyo 'e' imetoka wapi?"

Mwewe alimkodolea macho. Kisha akalitamka neno zima, taratibu, kama mtoto anayesoma ubaoni. "U-si-shu-she."

"Alianza kusema kabla hajabonyeza. 'Usi' ikabaki kwangu na kwa wageni wake. Wewe ukapata mkia."

Mumewe, aliyekuwa chumba cha pili na cherehani, aliacha kukanyaga. Kipaza alijikuta hana furaha yoyote ya kugundua. Alikuwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani, maana jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Pumzi moja. Alilifundisha kwa kila mtu, alimfundisha na yule, na yule akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, akiwa na karani wake. Walikaa kwenye kontena la msimamizi: mkaguzi, msimamizi, Mwewe, Kipaza, na mmoja wa wale wageni wawili. Kipaza alieleza yote. Alijitahidi kutumia sauti ya redioni, lakini mara mbili ile nyingine ilimponyoka, na mkaguzi akamwashiria kwa kalamu apunguze.

"Kwa hiyo unasema redio ilikata neno," mkaguzi alisema.

"Redio haikukata. Yeye ndiye aliyekata."

Msimamizi alicheka. "Mheshimiwa, huu ni mzaha. Mtu amepoteza vidole, sisi tunafundishana silabi."

"Tutajaribu," mkaguzi alisema. Alimpa karani redio moja akamtuma kontena la jirani, aandike kila atakachosikia. Nyingine akaisukuma mbele ya msimamizi. Zote mbili ziliwekwa kwenye chaneli ya kawaida ya saiti. "Sema kama ulivyosema siku ile."

"Mimi si mtoto wa shule."

"Sema tu, bosi," mkaguzi alimwambia.

Msimamizi aliichukua redio, akaitazama. Halafu akafanya jambo ambalo Kipaza hakulitegemea: alibonyeza kitufe, akatulia, akavuta pumzi, akasema vizuri kabisa, "Usishushe."

Alirudia mara tatu, na mara zote alitulia kwanza. Karani alichungulia mlangoni na karatasi yake: usishushe, usishushe, usishushe. Mkaguzi akamwambia arudi akaendelee kusikiliza mpaka atakapoitwa.

Kipaza aliinuka ghafla. "Anajua!" alisema. "Mnaona? Anajua inavyotakiwa! Siku zote alikuwa anajua!"

"Dada, kaa chini," mkaguzi alisema.

"Sikai! Miezi miwili namwambia mtu huyu abonyeze avute pumzi, leo ndiyo anavuta?"

"Kaa, au nikutoe."

Akakaa. Msimamizi alinyoosha suruali yake, akaanza kumweleza mkaguzi habari za masikio ya Mwewe. Aliongea kwa utulivu wa mtu aliyekwisha shinda. Alikuwa bado na redio mkononi ilipokwaruza, na sauti ya mlinzi wa geti ikaingia.

"Bosi, bosi, geti hapa. Lori la kokoto limefika. Nifungue?"

Msimamizi alikunja uso kwa kukatizwa. "Usifungue! Tuko kikaoni!" alisema, akaitupa redio mezani, akaendelea. "Kama nilivyokuwa nasema, mheshimiwa, umri ule masikio..."

Nje mnyororo ulilia. Geti likasuguliwa kwenye reli yake, injini ikanguruma, na lori la kokoto likapita mbele ya dirisha la kontena likitimua vumbi, mpaka glasi za maji zikatetemeka juu ya meza.

Msimamizi aliruka akaidaka redio. Safari hii hasira zilimfanya abonyeze mapema. "Wewe mlinzi una wazimu? Nani kakwambia ufungue?"

Kisha sauti ya mtu aliyeonewa: "Lakini bosi, si wewe umesema fungue?"

Mgeni wa mwenye jengo alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mlango ukafunguliwa na karani akaingiza kichwa, hana habari ya lolote, karatasi mkononi.

"Samahani," alisema. "Hii ya mwisho, 'fungue, tuko kikaoni', nayo niiandike kwenye jaribio?"

"Iandike," mkaguzi alisema. "Na saa."

Kipaza alikuwa amewaza siku nne nzima maneno atakayomwambia msimamizi wakati huo ukifika. Alikuwa nayo mengi, mengine si ya kutamkwa mbele ya mama mtu mzima. Akamtazama yule bwana, uso umemshuka, redio ingali mkononi, akayaacha yote. Alichosema ni: "Vidole vitatu. Kwa kukosa pumzi moja."

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili, kurasa nne. Msimamizi alikutwa na kosa la kunyang'anya redio ya mtoa ishara na la kumlazimisha mwendesha kreni kutii sauti mbili, akaondolewa saiti. Mwewe alikutwa na kosa la kutii amri isiyotoka kwa mtoa ishara wake; leseni yake ilifungiwa miezi sita. Alisoma, akatikisa kichwa, akasema ni haki. Na kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na mstari mmoja uliomhusu Kipaza: mtoa ishara alipaswa kuhakikisha kwamba kifaa chake hakichukuliwi na mtu mwingine, mathalani kwa kukifunga mwilini kwa mkanda.

Alimpigia mkaguzi simu akiwa amesimama katikati ya njia. "Mtu ananipora, halafu kosa ni langu kwa kuporwa?"

"Sijaandika kosa," mkaguzi alisema. "Nimeandika mkanda. Mkanda ungezuia?"

Watu walimpita huku na huku na mizigo yao.

"Ungezuia au usingezuia?"

"Ungezuia," alisema, akakata simu, akarudi nyumbani na hasira ambazo sasa hazikuwa na pa kwenda. Ilikuwa vigumu kuliko kuonewa. Lile swali la mama mkwe, mbona hukuishika, lilikuwa limepata jibu, na jibu lilikuwa kamba ya upana wa vidole viwili.

Alirudi kazini. Redio aliifunga kifuani kwa mkanda. Mwendesha kreni mpya alikuwa kijana mwenye maneno mengi, na Kipaza alimfanya arudie kila amri mpaka akaomba kusamehewa. Jioni, mama mkwe alikuwa anamwekea chakula pembeni. Hakuomba radhi, ila siku moja Kipaza alimsikia akimweleza jirani dirishani, kwa sauti ya ubishi, kwamba ukitaka kusema kwenye redio lazima kwanza uvute pumzi, wengi hawajui.

Kisha msimamizi alipiga simu. Alisema ana jambo zito moyoni. Alisema hakukusudia.

"Najua hukukusudia," Kipaza alimjibu. "Ungekusudia ningekuchukia nikamaliza. Lakini umeniandika kwenye karatasi kwamba mimi ndiye. Hiyo ulikusudia."

Msimamizi alianza tena, kwamba hakukusudia.

"Na si mimi wa kuongea naye," alisema, akampa shemeji simu. Shemeji alisikiliza muda mrefu, akasema tu, "Njoo nyumbani. Jumapili."

Alikuja, na hilo nalo Kipaza hakulitarajia. Alikuja bila makali kwenye suruali, akasimama mlangoni mpaka mama mkwe alipomwonyesha kiti. Pacha waliondolewa wakapelekwa uani na baba yao. Msimamizi alianza kusema maneno ambayo ni wazi aliyapanga njiani, akayapoteza katikati, akaanza upya, akayapoteza tena. Hakuna aliyemsaidia.

Shemeji alimwacha mpaka akaishiwa kabisa. Ndipo akainuka, akamsogelea, na kumnyooshea mkono wa salamu. Angeweza kutoa wa kushoto, kama alivyokuwa akiwafanyia watu wote siku hizo. Alitoa wa kulia. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi bado nyekundu, kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa peke yavyo huku na huku.

Msimamizi aliutazama ule mkono. Kipaza, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo, aliona jinsi alivyotaka kuangalia pengine na akashindwa. Hatimaye aliupokea, kwa mikono yake yote miwili.

"Shika vizuri," shemeji alimwambia. "Hauumi tena."

Alimshikisha kwa muda mrefu. Mama mkwe hakuondoa macho. Kipaza naye hakuondoa, na hasira zake zilikuwa pale pale, nzima. Wala hakuona sababu ya kuziharakisha ziondoke.